Mwalimu Mkuu Si Hakimu: Wajibu wa Shule Mtoto Anapomlalamikia Mwalimu

Kila kisa cha mwalimu kumdhulumu mwanafunzi kinapofika kwenye habari, mabishano ndani ya matatu na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi huwa ni yaleyale. Mmoja anauliza mbona mwalimu mkuu hakumfuta mshukiwa siku hiyohiyo. Mwingine anamtetea mkuu: angemchukuliaje mtu hatua bila ushahidi? Wa tatu anasema hakuna haja ya kelele, maana wazazi wa mtoto walishakaa na mwalimu wakaelewana. Wote watatu wamekosea, kila mmoja kivyake.

Nitaeleza jinsi mambo yanavyopaswa kwenda nchini Kenya, kwa sababu ndiko ninakokujua. Tanzania na Uganda zina sheria zao, na njia si zilezile.

Tuanze na jambo linalochanganya watu kuliko yote: neno "hatua". Tunaposema mwalimu "achukuliwe hatua", tunarundika pamoja mambo manne tofauti. Mfikirie dereva wa matatu aliyemgonga mtu akiwa amelewa. Sacco yake inaweza kumfukuza. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inaweza kumnyang'anya leseni. Polisi watampeleka kortini ajibu mashtaka ya jinai. Na aliyegongwa anaweza kumshtaki mwenye gari amlipe fidia. Njia nne, milango minne, na hakuna anayelazimika kungoja mwenzake amalize. Sacco haiwezi kusema, "Tunasubiri hakimu aamue ndipo tumwondoe kwenye usukani."

Mwalimu wa shule ya umma yuko kwenye njia hizohizo nne, ila mbili za kwanza zimeshikwa na mkono mmoja. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ndiyo mwajiri wake na ndiyo pia inayotunza sajili ya walimu wote nchini. Inaweza kumwachisha kazi, na inaweza kumfuta kwenye sajili. Akishafutwa hapo, haruhusiwi kufundisha shule yoyote, ya umma wala ya kibinafsi. Majina ya waliofutwa huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Njia ya tatu ni ya polisi na mahakama ya jinai. Ya nne ni ya fidia.

Sasa mwalimu mkuu anaingia wapi? Hayumo kwenye njia yoyote kati ya hizo kama mwamuzi. Hawezi kumfuta kazi mwalimu wa TSC, hawezi kumfunga, hawezi kumwondoa kwenye sajili. Hata ule uamuzi wa kumsimamisha kazi kwa muda huku uchunguzi ukiendelea ni wa TSC, au wa bodi ya shule pale ilipokabidhiwa mamlaka hayo na TSC. Kwa hiyo anayeuliza "mbona hakumfuta?" anamdai kitu ambacho hana.

Ila tusimwachilie haraka. Katika ule mfano wa matatu, mwalimu mkuu ndiye kondakta aliyemwona dereva akinywa stejini. Kondakta hana leseni ya kumpokonya mtu, lakini akinyamaza na gari likaondoka, kunyamaza kwake ni kosa linalosimama peke yake.

Kosa hilo limeandikwa, wala si suala la dhamiri tu. Mwaka 2010 TSC ilitoa Waraka Nambari 3 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Mwalimu yeyote, mkuu au wa darasani, anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Asiyeripoti, au anayejaribu kuficha, anachukuliwa hatua za nidhamu yeye mwenyewe, hata kama hakumgusa mtoto yeyote maishani mwake. Nimekutana na walimu wa miaka mingi ambao wanajua kwa kichwa waraka wa likizo na ule wa marupurupu, lakini huu hawajawahi kuushika mkononi.

Angalia neno hilo: kushuku. Waraka haudai uthibitisho. Hapa ndipo anayesema "bila ushahidi angefanya nini" anapoanguka. Ushahidi hutafutwa na wenye kazi ya kuutafuta. Mhudumu wa afya wa kijijini akikuta mtoto ana homa kali na shingo imekakamaa, haanzi kumtoboa uti wa mgongo ili ahakikishe ni ugonjwa gani. Anaandika barua ya rufaa, anatafuta usafiri. Akikaa na mtoto siku tatu "ili awe na uhakika", hatumsifu kwa uangalifu.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, lakini vipande vyake vyote ni vitu vinavyotokea. Ni Jumanne, saa nne asubuhi, mapumziko mafupi. Msichana wa Gredi 7 anabaki darasani wenzake wakitoka. Anajifanya anapanga vitabu. Mwalimu wa Kiswahili anamuuliza mbona haendi kunywa uji, naye, akiwa anaangalia dawati, anasema hataki kwenda tena mazoezini kwa sababu mwalimu wa michezo alimwita nyumbani kwake Jumamosi amsaidie kufua, kisha akamshika alivyomshika.

Saa 24 zimeanza hapo. Hazianzi mkuu atakaporudi kutoka mkutano wa kaunti, wala bodi itakapokutana mwisho wa muhula.

Mwalimu wa Kiswahili ana mambo machache ya kufanya na mengi ya kutofanya. Asimwahidi mtoto, "Nitaitunza siri hii," kwa sababu hawezi, na mtoto akigundua kuwa ahadi imevunjwa hatasema tena. Amwambie ukweli: "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mtu anayeweza kusaidia." Asimhoji kama wakili. Aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, hata kama ni Sheng, kisha aweke tarehe, saa na sahihi. Akiandika "mtoto alidai kufanyiwa kitendo kisichofaa" badala ya maneno ya mtoto mwenyewe, ameshaanza kuufifisha ushahidi.

Halafu anaenda ofisini kwa mkuu. Na hapa ndipo kesi nyingi hufia.

Mkuu, mara nyingi kwa nia njema kabisa, anamwita mwalimu wa michezo. "Bwana, nimesikia jambo fulani, hebu nieleze." Kufikia saa sita mchana mshukiwa ameshafuta jumbe kwenye simu, ameshazungumza na shangazi wa mtoto, na pengine ameshamkuta mtoto mwenyewe kwenye korido. Au mkuu anamwita mtoto ofisini, mbele ya naibu, mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa ushauri, wote wakiwa wameketi na yeye amesimama, wanamwambia arudie. Anarudia. Kesho yake anaandikishwa taarifa. Wiki inayofuata inakuja bodi, anarudia tena. Mtoto anayesimulia jambo la aibu mara tano kwa watu wazima tofauti atabadilisha neno hapa na pale. Mtu mzima pia angebadilisha. Baadaye wakili wa utetezi atazisoma taarifa zote tano kortini na kuonyesha zinapopishana. Uchunguzi wa ofisini unamjengea mshukiwa utetezi wake, tena bila malipo.

Kwa hiyo mkuu afanye nini? Awatenganishe kwanza: mshukiwa asibaki na nafasi ya kumfikia mtoto huyo wala wanafunzi wengine, na mtoto ndiye asiondolewe. Shule zetu zina mazoea ya ajabu ya kumpeleka nyumbani aliyelalamika "apumzike", huku anayelalamikiwa akiendelea kusimamia michezo. Awapigie wazazi au walezi, isipokuwa kama kuna dalili kwamba mzazi mwenyewe ni sehemu ya tatizo, hali ambayo inamhitaji afisa wa watoto. Apige ripoti kituo cha polisi na apewe nambari ya OB, yaani ile nambari ya kumbukumbu kwenye kitabu cha matukio. Aiarifu ofisi ya TSC ya kaunti ndogo kwa maandishi. Na pale ambapo mtoto ameingiliwa, hospitali inatangulia yote haya.

Kuhusu hospitali nitasema kidogo zaidi, kwa maana hapo saa zina maana yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, jambo ambalo kila mama atakuwa na hamu ya kulifanya kwanza. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, au zifungwe kwenye gazeti. Plastiki huzuia hewa, unyevu unaozesha kilichomo, na ushahidi unaharibika. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, na polisi watatoa fomu ya P3, ile ya ripoti ya majeraha, ambayo pia hujazwa na daktari na ndiyo itakayofika kortini. Msije mkazuiwa matibabu eti mlete P3 kwanza. Matibabu hayangoji karatasi.

Sasa yule wa tatu, wa "wameshaelewana".

Huku tuna majina mengi ya jambo hili. Kaskazini Mashariki huitwa maslaha. Kwingine ni kukaa na wazee, kumaliza kinyumbani, mbuzi wawili na bahasha. Watu hulichukulia kama hiari ya familia: wameumizwa wao, wakisamehe, wewe ni nani? Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haioni hivyo. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusitisha upelelezi au mashtaka ya kosa la kingono uko mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Haimo mikononi mwa baba, mjomba, chifu wala OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Anayelalamika kortini ni Jamhuri. Mtoto ni shahidi. Baba akipokea mbuzi amepokea mbuzi tu. Kesi haikuwa mali yake hata aiuze.

Kuna hoja nyingine inayopenda kuzuka, hasa wasichana wa kidato cha tatu na cha nne wanapohusika: "Alikubali. Ni mkubwa. Walikuwa wapenzi." Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwa hiyo ridhaa yake haihesabiki. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa kati ya 12 na 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 na 17 kisichopungua miaka 15. Haya wengi wanayajua. Wasichojua ni kifungu cha 24 cha sheria hiyohiyo, kinachomhusu mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi wa shule hiyo kufanya naye ngono. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10, na kifungu kinasema "mwanafunzi", hakiulizi umri. Mvulana au msichana wa miaka 19 aliyechelewa kuanza shule bado ni mwanafunzi, na anayemsahihishia mtihani bado ameshika kalamu.

Neno "mfanyakazi" pia lisipite hivihivi. Mpishi, mlinzi, dereva wa basi, matroni, kocha wa kukodishwa: hawa TSC haiwajui, wameajiriwa na bodi au na mwenye shule. Mkuu akipokea malalamiko dhidi ya mlinzi hana waraka wa TSC wa kumshughulikia huyo mlinzi, lakini polisi ni walewale na saa ni zilezile. Katika shule ya kibinafsi, mwenye shule ndiye mwajiri, na si ajabu awe pia mwenyekiti wa bodi na mume wa mkuu. Mzazi wa huko asiishie ofisini. Aende kituoni mwenyewe.

Na wale wanaosema watoto hudanganya? Wengine hudanganya, kama watu wazima. Ndiyo maana kuna mpelelezi, daktari na hakimu. Lakini shule inapokataa kuripoti kwa sababu hii, inakuwa imeshatoa hukumu: imeamua kwamba huyu hasemi kweli, bila kumsikiliza mtu yeyote aliyefunzwa kusikiliza. Kortini kwenyewe hawaanzi kwa dhana hiyo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu za kuridhika kwake. Kwa hiyo "hakuna aliyeona" si mwisho wa kesi. Makosa haya hayafanywi gwarideni.

Mwalimu naye ana haki, na ningekuwa ninapotosha nisipolisema. Ibara ya 50 ya Katiba inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ya 47 inataka hatua za kiutawala ziwe za haki. Lazima aelezwe anachotuhumiwa, apewe nafasi ya kujibu, asikilizwe. Kusimamishwa kazi kwa muda si hukumu. Ni kama kumtoa dereva kwenye usukani huku breki zikikaguliwa. Utaratibu huu unamlinda pia mtoto, kwa sababu mwalimu aliyefukuzwa kwa pupa, bila kusikilizwa, anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na kushinda kwa sababu ya karatasi zilizokosekana. Asiyehusika naye anasafishwa vizuri zaidi na uchunguzi wa kweli kuliko na uvumi ambao mkuu aliukalia.

Nimeacha uhamisho kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaoniudhi kuliko yote. Kuna malalamiko, mkuu hataki aibu, mtihani wa KCSE uko karibu, wahisani wanakuja. Anazungumza na watu, na muhula unaofuata mwalimu yuko kaunti nyingine, na barua safi mkononi. Shule ya kwanza inapumua. Shule ya pili haijui imeletewa nini.

Mwaka 2011 kesi ya aina hii ilifika Mahakama Kuu, jijini Nairobi. Wanafunzi wawili wa shule ya msingi katika eneo la Nakuru, waliotambulishwa kwa herufi tu, walikuwa wamedhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu. Hawakuishia kumshtaki yeye. Waliishtaki pia TSC. Mwajiri alijitetea kwamba alikuwa na kanuni na nyaraka, na kwamba mwalimu alifanya kwa matakwa yake. Mnamo Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliukataa utetezi huo. Kuwa na waraka hakutoshi, alisema kwa maana hiyo, wala mwajiri hawezi kuwazungusha wadhalimu kutoka shule moja hadi nyingine kisha atosheke na kuwaachisha kazi mwishoni. Mmoja wa wasichana alipewa fidia ya shilingi milioni 2, mwenzake milioni 3. TSC ilikata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikashikilia kwamba mwajiri anawajibika.

Hiyo ndiyo njia ya nne niliyoitaja mwanzoni, ya mwenye gari. Hukumu hiyo ilibadilisha hesabu. Kabla yake, shule au mwajiri aliyenyamaza aliweza kujiambia kwamba dhambi ni ya mwalimu peke yake. Sasa ile barua ambayo mkuu aliipokea na kuiweka kwenye droo, yenye tarehe, inaweza kuonyesha kortini ni lini hasa walijua.

Viboko navyo viko humuhumu, ingawa watu huvitenga kama jambo dogo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kisaikolojia. Anayekiuka anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Mkuu anayepokea mtoto mwenye alama za mjeledi mgongoni na kumwambia mzazi "hiyo ni nidhamu" hajapewa uwezo huo na sheria yoyote.

Basi mzazi afanye nini akijikuta mbele ya mkuu asiyetaka kusogea? Aandike barua fupi: nani, lini, mtoto alisema nini. Apeleke nakala mbili. Katibu wa shule agonge mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe kwenye nakala moja, na mzazi aondoke nayo. Akikataliwa mhuri, aandike pembeni saa na jina la aliyekataa. Kisha asingoje jibu. Kituo cha polisi hakihitaji barua ya mwalimu mkuu. Kina dawati la jinsia katika vituo vingi, na kisichokuwa nalo bado kina kitabu cha OB. Afisa wa watoto yuko kwenye makao ya kaunti ndogo. Ofisi ya TSC ya kaunti inapokea malalamiko moja kwa moja kutoka kwa mzazi. Na simu 116 ni ya bure, usiku na mchana. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa simu ya jirani, bila salio.